Gari Lililokataa Gia

Nataka kuwaeleza habari ya gari lililokataa kuingia gia. Mimi si fundi. Kazi yangu ni kufundisha watoto. Walakini siku ile nilifundishwa mimi.

Marehemu kaka yangu aliacha pikapu moja, nayo ndiyo inayowalipia binti zake ada ya shule. Mwanawe mkubwa huiendesha. Hununua ndizi Mwika, akazishusha kwa njia ya Marangu na Himo mpaka soko la Mbuyuni, Moshi mjini. Azijuaye njia zetu za mlimani ataelewa kwamba huko gari lisilotii gia ni hatari: kupanda haliwezi, na kushuka hutegemea breki peke yake mpaka zipate moto.

Hata asubuhi moja gari, likiwa limejaa mikungu, lilikwama karibu na Marangu Mtoni. Kijana akanipigia simu, nikaenda. Kila alipojaribu gia ya kwanza ulisikika mlio wa vyuma kusagana, na gia haikuingia. Watu wakakusanyika, kila mmoja na hukumu yake. Mmoja akasema, "Giaboksi imekufa. Vijana hawa hubadili gia kama watu wanaopigana."

Neno hilo likaniingia, maana nilikuwa na hasira. Nikamgeukia mwana wa kaka yangu mbele ya watu wote, nikamwambia kwamba ameharibu mali ya yatima. Akajibu, "Baba mdogo, sikulilazimisha." Nikamnyamazisha. Moyoni nilikuwa nimekwisha kumwuza ng'ombe wa maziwa wa mama yetu, aliye mmoja tu zizini, ili tununue giaboksi nyingine.

Saa sita akafika fundi mmoja mzee kutoka Himo. Nilidhani atafungua vyuma mara moja, lakini hakufungua kitu. Alisema, "Mwalimu, kwanza tuliulize gari lenyewe." Akaagiza injini izimwe, kijana ajaribu gia zote. Zikaingia laini, tangu ya kwanza hata ya kurudi nyuma. Fundi akasema, "Kama ubovu ungekuwa ndani ya giaboksi, au kwenye fito za kuingizia gia, mara nyingi zingekataa hata sasa." Injini ikawashwa, gia zikakataa tena. Kisha akakanyaga pedeli ya klachi kwa mkono wake. Ilikuwa laini, ikazama mpaka chini bila ubishi. Alipoikanyaga upesi upesi mara nyingi, gia ikaingia kwa kitambo kidogo. Hapo akatabasamu.

Akatueleza hivi. Klachi ndiyo iunganishayo injini na giaboksi, na ndiyo izitenganishayo. Ukikanyaga pedeli, pampu ya juu husukuma mafuta katika bomba jembamba mpaka pampu ya chini, nayo husukuma mkono unaoiachisha klachi. Mafuta hayashindiliki, ila hewa hushindilika. Yakivuja na hewa ikaingia, nguvu ya mguu hupotea bure. Klachi haiachii, injini huendelea kuizungusha giaboksi, na meno ya gia hayawezi kuingiana. "Giaboksi hii haina kosa," akasema. "Inakataa kwa sababu haikupewa nafasi ya kutulia."

Akaingia chini ya gari, akafunua kifuniko cha raba cha pampu ya chini, mlikuwa mmelowa. Alipoifungua pampu, raba ya ndani ilikuwa imevimba na kulainika kama kipande cha sabuni kilicholala majini. Akainusa, akauliza, "Nani alitia oili ya injini humu? Pampu hii hutaka mafuta ya breki. Oili ya injini huvimbisha raba zake mpaka ziharibike. Labda palikuwa na mvujo mdogo tu, nanyi mmeufanya mkubwa."

Nikanyamaza, maana ni mimi. Wiki mbili nyuma kijana aliniambia kwamba mafuta ya klachi yanapungua, akaomba fedha za kununua mengine. Nami nikaona ni kupoteza fedha. Nikachukua mabaki ya oili yaliyokuwako nyumbani, nikayatia kwa mkono wangu, nikisema mafuta ni mafuta.

Fundi akabadili raba zote, za juu na za chini, akasafisha bomba, akatia mafuta mapya ya breki. Kijana akawa akikanyaga pedeli, naye akitoa hewa huko chini. Jioni ndizi zikafika Moshi, na ng'ombe akabaki zizini.

Usiku ule sikulala vema. Nilikumbuka wanafunzi niliowahukumu kama nilivyoihukumu giaboksi. Mtoto asipoweza kusoma, nimesema kichwa chake ni kigumu, wala sikuuliza kama anaona ubaoni, au kama amekula. Mwenye kuliuliza gari kwa utaratibu na mwenye kumwuliza mtoto kwa utaratibu kazi yao ni moja, nami nilikuwa nimeiacha.

Kwetu Wachaga, aliyekosa huchukua jani la sale, akaenda nalo kwa aliyemkosea kuomba radhi. Jumapili baada ya ibada nilichuma sale mpakani mwa kihamba. Wako walioniambia kwamba haifai mtu mzima kumpelekea kijana. Lakini nilikuwa nimemwaibisha mbele ya watu, nikaona ni haki niombe radhi mbele ya watu. Nikawaita majirani wawili waliokuwapo siku ile, tukaenda pamoja. Mwana wa kaka yangu alilipokea jani kwa mikono miwili, akasema, "Baba mdogo, karibu ndani."

Tangu siku hiyo chupa ya mafuta ya breki hukaa nyuma ya kiti cha dereva, nami sitii kitu garini kabla ya kumwuliza yeye.