Siku ya Posho

Mimi ni mtu wa Kenya. Nikisema hivyo mtandaoni, watu wa Nairobi hufurahi na kuniuliza natoka kaunti gani, nami hulazimika kueleza kwamba Kenya yangu ni komini ya hapa hapa Lubumbashi, jirani na Katuba na Kamalondo, na kwamba nikienda chuoni Kasapa nabadilisha basi mara mbili. Kwa muda wa mwaka mzima kompyuta yangu nayo iliamini kwamba inakaa Kenya, ile ya Nairobi. Niliipangia hivyo kwa mkono wangu, maana haikuwa na mahali pengine pa kukaa.

Anayeweka Linux huulizwa mapema sana anatumia lugha gani na yuko nchi gani. Jibu lake huwa msimbo mfupi: herufi ndogo za lugha, mstari, kisha herufi kubwa za nchi. fr_FR ni Kifaransa cha Ufaransa, fr_BE ni cha Ubelgiji. Msimbo huo ndio unaoamua majina ya siku na miezi, alama ya fedha, mpangilio wa tarehe, hata herufi ya kubonyeza unapotaka kukubali jambo. Habari hizo hukaa katika mafaili madogo ya maandishi ndani ya glibc, maktaba ya msingi inayoegemewa na programu nyingi za Linux. Usiku mmoja niliifungua orodha ya mafaili hayo nikatafuta CD, herufi za Kongo. Nilikuta mstari mmoja tu: ln_CD, Kilingala. Kiswahili kilikuwapo mara mbili, sw_KE na sw_TZ. Basi kwa mashine yangu mtu wa Kongo anasema Kilingala, na anayesema Kiswahili yuko ng'ambo ya ziwa. Mkatanga yeyote anayesoma hapa ameshawahi kuambiwa neno la namna hiyo na binadamu. Mimi niliambiwa na faili.

Sikuingia Linux kwa imani yoyote. Kompyuta yangu ilipitia Kasumbalesa ikiwa imeshatumiwa na watu wawili au watatu, na mfumo iliokuja nao ulikuwa unachukua dakika saba kuamka. Yaya mmoja wa mtaani, fundi wa simu, akaniwekea Debian kutoka kwenye flashi yake. Ikaamka chini ya dakika moja. Nikabaki hapo kwa sababu hiyo, na kwa sababu programu zote zilikuwa za bure. Mwanafunzi anayenunua intaneti kwa mega hapuuzi kitu cha bure.

Mapenzi yalikuja baadaye, pamoja na watu. Linux haina jumba lake. Tangu Linus Torvalds alipotangaza kazi yake mwaka 1991 akiwa mwanafunzi huko Helsinki, mambo yake yamekuwa yakijadiliwa na watu wasioonana: katika vyumba vya IRC, katika barua pepe, na siku hizi katika Mastodon na nduguze. Shangazi aliponiuliza Mastodon ni nini, nilimjibu kwa mfano wa kwaya. Kila parokia ina kwaya yake, mwalimu wake, sare yake na sheria zake za kuchelewa. Hakuna kwaya kuu inayozimiliki zote. Lakini zote zinasoma noti zilezile, kwa hiyo siku ya sikukuu kwaya ya Katuba na ya Ruashi husimama pamoja na kuimba. Mastodon iko hivyo: maelfu ya seva, kila moja na mwenyewe, na noti zao zinaitwa ActivityPub, kanuni iliyopitishwa na shirika la W3C mwaka 2018. Shangazi akauliza, «Na kama mwalimu wa kwaya anahama?» Ni swali zuri kuliko alivyodhani. Seva yangu ya kwanza ilifungwa na mwenyewe, aliyekuwa anailipia mfukoni mwake hadi akachoka. Nilihamia nyingine, marafiki wakanifuata, lakini maandishi yangu ya mwaka mmoja yalizama naye.

Maisha yangu huko ni ya usiku. Umeme wa mtaani kwetu ukiondoka saa kumi na mbili jioni hurudi pengine saa saba usiku, na ukirudi utajua: pampu za maji zinaanza kuvuma, jokofu la jirani linatetemeka, mtu anacheka. Ndipo naamka, nachomeka mashine, nasoma kwanza yaliyoandikwa mchana nilipokuwa sipo. Natumia programu ya maandishi matupu, bila picha, kwa ajili ya mega. Mara nyingi simjui ninayezungumza naye. Yuko mmoja wa Ujerumani ambaye kwa miaka miwili ninamjua kwa picha ya bata tu; yeye ndiye aliyenifundisha kusoma ripoti za hitilafu. Yuko mwalimu wa sekondari wa Dar es Salaam. Yuko Mmombasa anayekosoa upatanisho wa ngeli wa kila mtu, wangu kwanza.

Ni wao niliowasimulia kisa cha herufi n.

Mashine yangu ya «Kenya» iliniuliza siku moja, kwa Kiingereza, maana sentensi hiyo haikuwa imetafsiriwa, kama naafiki kuondoa rundo la programu. Mabanoni yalionyesha Y na n. Sikuafiki. Nikabonyeza n. Programu zikaanza kuondoka moja baada ya nyingine, na kati yake ile niliyotumia kunakili kanda za utafiti wangu. Nilidhani mashine imeugua. Kumbe ilikuwa inanitii. Swali lilibaki kwa Kiingereza, lakini jibu lilisomwa kwa faili la Kiswahili, na katika Kiswahili n ni ndiyo.

Mwalimu wa Dar alicheka kwa mistari mitatu. Bata wa Ujerumani hakucheka, aliniambia, «Basi andika faili la kwenu.»

Hapo ndipo mchezo ulipogeuka kuwa isimu. Faili lenyewe ni fupi, mtu anaweza kulijaza jioni moja. Nilikaa nalo miezi minne.

Kwanza, je, msimbo uwe upi? Orodha ya ISO 639-3 inagawa Kiswahili sehemu mbili chini ya mwavuli swa: swh, kile cha pwani, na swc, Kiswahili cha Kongo. Katika CLDR, hifadhi ya data za lugha inayotumiwa na mifumo mingi ya kompyuta, swc iliwahi kuwa na faili lake kabla ya kuingizwa katika sw_CD. Nililitafuta lile la zamani nikalisoma kama mtu anayesoma barua ya ndugu asiyemjua. Asubuhi iliandikwa «asubuyi». Mchana, «muchana». Jumapili, «siku ya yenga». Nilitabasamu; mtu wa kwetu alikaa chini akaandika haya. Kisha nikafika kwenye mwezi wa kwanza: «mwezi ya kwanja». Kwanja, kwa j. Mimi sisemi kwanja. Nyumbani hakuna anayesema kwanja. Nami niliyekuwa nimekasirika kwa kufanywa mtu wa Nairobi, nikajikuta namkasirikia Mkongo mwenzangu kwa herufi moja. Kusema kweli hasira hiyo ilinitia aibu kidogo, kwa sababu hivyo ndivyo Mmombasa anavyonikasirikia mimi.

Mwalimu wa Dar alikuwa na hoja ya upole. Alinikumbusha kwamba Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishapita njia hii: mradi wa Kilinux ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, na waliofanya kazi ile walibishana juu ya maneno kabla sijajua kusoma. Kwa nini tugawane wachache tulio nao? Chukua Januari, chukua Jumatatu, badilisha fedha iwe faranga, imekwisha. Kwa dakika tano ndiyo kazi yote.

Lakini Jumatatu hiyo ndiyo inayonishinda. Pwani wanahesabu juma kutoka siku inayofuata Ijumaa: Jumamosi ni ya kwanza, Jumapili ya pili, Jumatatu ya tatu. Kwetu hesabu inaanza na kazi. Siku ya kwanza ni ile ya kurudi kazini, kwa hiyo siku ya pili ni kesho yake, na siku ya tatu iko katikati ya juma. Mtu wa pwani anaposema pili anataja siku ya misa. Mlushois anaposema pili anataja siku ya kazi. Vijana wa rika langu tumeikwepa vita kwa kusema lundi na mardi, lakini lundi siwezi kuiandika katika faili la Kiswahili bila Mmombasa kunihama.

Nikaenda kwa nkambo, mama wa baba yangu, anayekaa Katuba. Nilitaka kuhakikisha orodha ya swc, siku kwa siku. Tulikuwa tumemaliza bukari. Nikasoma, yeye akaitikia: ya kwanza, eee, ya pili, eee, tatu, ine, tano, eee. Nikasema, «siku ya sita». Kimya.

«Siku ya sita njo siku gani?»

Nikamwambia ile inayotangulia yenga.

«Ile iko siku ya posho», akasema. «Sita iko hesabu tu.»

Baba yake alikuwa mfanyakazi wa Union Minière, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906 na kutaifishwa mwaka 1967, na katika kambi za wafanyakazi posho ilikuwa unga, maharage, mafuta, samaki mkavu, vilivyopimwa kwa idadi ya watoto. Nkambo alisimama katika mstari huo akiwa na beseni kichwani. Kampuni iliondoka na jina lake, posho ikaisha, lakini siku ilibaki. Nilimwuliza kama haoni vibaya siku ya juma kuitwa kwa jina la mgawo wa Wabelgiji. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama haoni vibaya kuitwa kwa jina la baba yake.

Wenzangu wa isimu watasema nina msemaji mmoja tu, mzee, na kwamba utafiti haufanywi hivyo. Ni kweli. Lakini nani basi mwenye ruhusa? Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 ilisanifisha Kiswahili kwa Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, Katanga hatukuwamo. Hapa tulijifunza Kiswahili bora shuleni na kusema kingine nje ya mlango. Mwaka 1965 André Yav, kwa niaba ya chama cha waliokuwa maboi wa nyumba za Wazungu, aliandika Vocabulaire ya Elisabethville, historia ya mji huu, katika Kiswahili cha mji huu, kikiwa na kila «kosa» ambalo Mmombasa angelizungushia duara jekundu. Johannes Fabian alikuja kulichapisha na kulieleza mwaka 1990, na leo tunalisoma darasani kama hati adhimu. Yav hakungoja swc.

Niliyaandika haya yote Mastodon, kwa urefu uliozidi adabu. Mmombasa alijibu baada ya siku mbili. Hakubadili msimamo, alisema tu kwamba nyanya yake huko Kilindini naye ana maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote, na akanitumia kumi na moja. Ngeli zangu hakuzigusa. Kwa Mmombasa, hiyo ni zawadi.

Sasa faili ninalo. Kwa miezi nimeweka namba, «mwezi ya kwanza» kwa z. Kwa kukubali na kukataa nilipata taabu zaidi, kwani sisi husema ndiyo na kusema non katika pumzi moja, na zote zinaanza kwa n. Nimeandika kwamba nd ni kukubali, h ni kukataa, na n peke yake si kitu: mashine iulize tena. Ni kanuni ya ajabu, na bata wa Ujerumani ameshaniambia itapingwa. Pia ameniambia kwamba wasimamizi wa glibc hupenda data ilingane na CLDR, maana yake nianzie kule, nitafute wengine watakaothibitisha, ningoje. Yeye aliwahi kungoja miaka mitatu kwa ajili ya koma moja.

Kwenye mashine yangu lakini halingoji mtu. Wiki iliyopita niliibeba hadi Katuba, nikaandika amri ya tarehe mbele ya nkambo, ikajibu: siku ya posho. Alivaa miwani akaisogelea. Alisoma kwa kidole, herufi kwa herufi, kisha akazunguka nyuma ya mashine kutazama upande wa pili.

«Na posho iko wapi?»

Nilikuwa na biskuti mkobani. Tulizigawana.

Bado sijalituma. Nina msemaji wa Katuba, shangazi wa Kenya, na fundi wa simu asiyejali. Sina mtu wa Likasi, wa Kolwezi, wala wa Kalemie, na darasani kwetu mmo wote watatu. Kama nyumbani kwenu siku inayotangulia yenga ina jina, hata kama ni sita, hata kama ni kwa j, niambie. Nakaa safu ya nyuma, karibu na soketi.