Siku Nne Katika Jiji la Taipei

Wengi wetu tuliijua Taiwan kwa kuisoma, wala si katika vitabu vya jiografia. Tuliisoma chini ya redio, nyuma ya feni na ubavuni mwa pampu ya baiskeli, palipoandikwa kwa herufi ndogo kwamba kitu hicho kimetengenezwa huko. Mimi nami nilikuwa mmoja wa wasomaji hao mpaka mwezi wa Novemba uliopita, nilipopata likizo na kwenda kukaa siku nne katika Taipei, mji mkuu wa kisiwa hicho.

Sikwenda kwa utalii mtupu. Yuko huko mwenzangu tuliyesoma naye chuo cha ualimu, tukafundisha pamoja Tororo kabla mimi sijahamishiwa ofisini. Alipata nafasi ya masomo ya juu: mwaka mmoja wa kujifunza lugha, na miaka miwili ya shahada. Alipoondoka alimwacha mwanawe wa miaka minne kwa bibi yake. Sasa mtoto ana miaka sita na zaidi. Nilipokwenda kumwaga yule bibi alinipa vitu viwili: barua, na ugwe wa mkonge wenye mafundo mawili. Akaniambia, "Barua mpe siku ya kwanza. Ugwe huu ni mguu wa mtoto, nimeupima mwenyewe. Mpe siku mtakayokwenda kununua viatu, si kabla."

Nchi yetu haina ubalozi Taiwan, wala wao hawana kwetu, kwa hiyo safari ya viza ilinichosha kuliko safari ya ndege. Kutoka Entebbe nilipitia Dubai, na kutoka Dubai nikalala angani usiku mzima. Kisiwa chenyewe ni kidogo, kama kilomita za mraba 36,000, hata kingeweza kuingia ndani ya Uganda mara sita na nafasi ikabaki. Lakini wakazi wake ni milioni 23 hivi, na kwa kuwa sehemu kubwa ya nchi ni milima mirefu, watu wamebanana katika nyanda za magharibi na katika miji.

Mwenzangu alinipokea katika uwanja wa ndege wa Taoyuan. Tulipanda treni iliyoanza kazi mwaka 2017, na kwa muda wa kama dakika 35 tukawa katikati ya jiji. Hapo tukashuka chini ya ardhi kuchukua treni nyingine. Nilikuwa nimesalia na karanga nilizopewa ndegeni, nikafungua kifuko nipate kutafuna. Kabla sijapeleka hata moja kinywani, mwenzangu alinishika mkono kama mwalimu anayemzuia mtoto asitie kidole motoni. Katika treni zile ni marufuku kula, kunywa, hata kutafuna ubani wa dukani, na faini yake huanzia dola 1,500 za huko na kufika 7,500. Nikatazama sakafu: hapakuwa na ganda, wala karatasi, wala doa. Watu walikuwa wamejipanga kwa mstari kabla ya milango kufunguka, na wanaoshuka walishuka kwanza. Niliona haya kidogo, nikarudisha karanga zangu mkobani.

Jioni hiyo nikiwa chumbani kwake nilisikia muziki wa kinanda ukija kutoka barabarani. Nikadhani ni muuza barafu. Mwenzangu akaruka, akachukua mifuko miwili na ndoo, akasema, "Twende upesi, gari la taka!" Naam, gari la taka lilikuja likipiga muziki wa Beethoven. Wazee, vijana na akina mama waliovaa kandambili walitoka majumbani, kila mmoja na mzigo wake. Huko Taipei hakuna jalala la mtaani. Gari hupita kwa saa zilizopangwa, siku tano kwa juma, na kila mtu hutupa taka zake kwa mkono wake mwenyewe. Taka za kawaida ni lazima ziwe ndani ya mifuko maalumu inayouzwa kwa amri ya jiji tangu mwaka 2000, na bei ya mfuko ndiyo ada ya kuzoa taka. Anayetupa nyingi hulipa nyingi. Chupa, makopo na karatasi hupokelewa bila malipo na gari linalofuata nyuma, na mabaki ya vyakula hutengwa peke yake. Basi mama wa nyumbani hupunguza taka kwa kuogopa mfuko wake wa fedha, na jiji likawa safi bila ya hotuba nyingi.

Tuliporudi ndani nilimpa barua. Aliisoma akiwa amesimama karibu na dirisha, akaikunja, akaitia ndani ya kamusi. Hakusema neno, nami sikumwuliza.

Siku ya pili tulikwenda kwenye hekalu la Longshan, katika mtaa wa kale wa Wanhua. Lilijengwa mwaka 1738 na watu waliovuka bahari kutoka jimbo la Fujian. Mwaka 1945, wakati kisiwa kilikuwa chini ya utawala wa Wajapani, mabomu ya Wamarekani yaliuharibu ukumbi mkuu, lakini sanamu ya Guanyin, anayeheshimiwa huko kwa huruma yake, ilisalimika. Sisi si wa dini hiyo, tukasimama kando kwa adabu. Nilimwona mwanamke wa rika letu amepiga magoti akishika vipande viwili vyekundu vya mti, vyenye umbo la mwezi mwandamo, upande mmoja bapa na mwingine wa mviringo. Mwenzangu alinieleza kwamba mtu huuliza swali moyoni, kisha huviangusha. Kimoja kikilala kifudifudi na kingine chali, jibu ni ndiyo. Vyote vikionyesha mviringo, jibu ni la. Vyote vikionyesha ubapa, basi miungu inacheka, maana swali halijaulizwa vizuri. Yule mwanamke aliviangusha mara tatu. Mwenzangu alisimama akitazama mpaka mwisho, akasema polepole, "Laiti ingekuwa rahisi hivyo."

Kutoka hapo tuliingia bustani inayoitwa kwa tarakimu 228, yaani siku ya 28 ya mwezi wa pili. Watu wapita njia wataiona kuwa ni bustani ya kupumzikia tu, yenye madimbwi na vindi wanaorukaruka mitini. Lakini inahifadhi msiba. Tarehe 27 Februari 1947, kabla ya kutimia miaka miwili tangu utawala wa Wajapani kwisha, maofisa wa shirika la serikali la tumbaku walimkamata mjane aliyekuwa akiuza sigara barabarani, wakamnyang'anya bidhaa na fedha, wakampiga kichwani. Watu walipokusanyika, mmoja wao akauawa kwa risasi. Kesho yake jiji likawaka, na mwezi wa Machi majeshi yakaletwa kutoka bara. Uchunguzi wa serikali yenyewe, uliotolewa mwaka 1992, ulikadiria kwamba waliouawa ni kati ya 18,000 na 28,000. Sheria ya kijeshi ilitangazwa mwaka 1949, ikadumu mpaka mwaka 1987, na katika miaka hiyo jambo hilo halikutajwa hadharani. Mwaka 1995 Rais Lee Teng-hui aliomba radhi mbele ya taifa. Mimi ni mtumishi wa serikali, nami nilisimama pale nikimfikiria yule mjane na sinia yake ya sigara. Mara ngapi sisi wenye vyeo vidogo tunamsukuma mama wa gengeni, tukisahau kwamba nyuma yake wapo watoto, na nyuma ya watoto lipo taifa zima?

Siku ya tatu tulipanda jumba la Taipei 101, lenye urefu wa mita 508, ambalo tangu kufunguliwa kwake mwaka 2004 lilihesabiwa kuwa refu kuliko yote duniani, mpaka lilipopitwa na lile la Dubai. Lifti hututoa ghorofa ya 5 na kutufikisha ya 89 kwa sekunde 37, na masikio huziba. Huko juu nilionyeshwa mpira mkubwa wa chuma wenye uzito wa tani 660, umetundikwa kwa nyaya nene. Kisiwa kile hupigwa na tufani na matetemeko, na jumba linapoyumba upande huu, mpira huvuta upande ule, likatulia. Mwenzangu alicheka kidogo, akasema angefurahi kuwa na mpira kama huo kifuani.

Alasiri tukaingia duka la viatu. Alichagua vya ngozi nyeusi, vya shule, akavipima kwa kiganja chake. "Niliongeza vidole viwili kwa miaka miwili," akasema. Hapo ndipo nilipotoa ugwe wa mkonge. Aliunyosha ndani ya kiatu. Fundo moja likagusa kisigino, na fundo la pili likabaki nje.

Aliketi juu ya kibao cha kujaribia viatu, ugwe ukiwa mkononi. Msichana wa duka alidhani ameugua, akamletea maji. Kisha mwenzangu akaniambia lile alilolificha tangu Alhamisi. Kuna kampuni iliyomwahidi kazi atakapomaliza masomo mwezi wa Juni, kwa mshahara ambao mwalimu wa kwetu hawezi kuuota. "Kwa fedha hizo nitamsomesha popote," akasema. "Lakini mama ameandika kwamba mtoto sasa anamwita yeye mama. Anasema hakumfundisha. Ameanza mwenyewe."

Sikuwa na jibu. Nilijua mshahara wa kwetu, na nilimjua mtoto. Tulinunua viatu vikubwa zaidi, kwa kipimo cha ugwe, tukapewa stakabadhi. Hata jambo hilo lina maarifa yake: tangu mwaka 1951 kila stakabadhi huko huwa na nambari, na kila baada ya miezi miwili serikali huchezesha bahati nasibu kwa nambari hizo. Kwa hiyo mnunuzi huidai stakabadhi yake bila ya kuhimizwa, na mwenye duka hana njia ya kuficha mauzo. Mwenzangu huzihifadhi katika kopo la maziwa. Hajashinda kitu.

Usiku tulitembea katika soko la Raohe, lililojaa taa na moshi wa vyakula. Mikate yenye nyama na pilipili manga hubandikwa kwenye kuta za tanuri la udongo, kama nilivyoona wapishi wa Kihindi wakifanya kwetu. Tulikunywa chai ya maziwa yenye tembe nyeusi chini ya bilauri, kinywaji kilichoanza kisiwani humo katika miaka ya 1980 na kuenea ulimwenguni. Wasomaji wa ukurasa huu watapenda kujua kwamba tembe zile ni muhogo. Wanga wa muhogo hukandwa kwa maji yaliyochemka pamoja na sukari guru, ukakatwa vipande na kufinyangwa kama punje za mahindi. Huchemshwa katika maji mengi mpaka ziive hata ndani, huachwa zikafunikwa kwa muda, kisha hulowekwa katika asali ya sukari. Lazima maji ya kukandia yawe yanachemka, vinginevyo unga hausikii mkono. Mimi nimekula muhogo tangu nipate meno, lakini sikuwahi kuulipia bei kama ile.

Asubuhi ya Jumapili alinisindikiza mpaka kwenye treni ya uwanja wa ndege. Aliniuliza kama aweza kubaki na ugwe, nikampa. Akasema, "Mwambie mama nitakuja Juni, mtihani ukiisha. Tutazungumza yeye na mimi, uso kwa uso, habari ya kazi hiyo. Lakini mtoto usimwambie bado. Asije akahesabu siku nami nikachelewa."

Ndugu wasomaji, nimerudi na mambo ambayo miji yetu yaweza kuyafikiria: gari la taka lenye saa yake, stakabadhi inayodaiwa na mnunuzi mwenyewe, na muhogo usiodharauliwa. Lakini kazi yangu ya kwanza niliporudi ilikuwa kwenda Tororo. Viatu vilimtosha mtoto, na nafasi ikabaki ya mwaka mmoja. Bibi yake akamwambia, "Mshukuru mama yako aliyevinunua." Mtoto akaja moja kwa moja kwangu, akapiga magoti kwa adabu, akanishukuru mimi.

Nikamwinua, nikatoa picha tuliyopigwa sokoni, nikamwonyesha ni yupi kati yetu wawili.