Breki Kabla ya Kushuka Ngomo



Gari la nyumbani husifiwa kwa mambo mengi: injini isiyokunywa mafuta, rangi, viti, redio. Ni nadra kumsikia mtu akisifu breki, au freni kama wengi wetu tusemavyo hapa Bukavu. Hizo hutajwa siku zinapokataa. Nasi watu wa Kivu tungekuwa wa kwanza kuzijali, kwani tunakaa juu ya ngazi. Ziwa Kivu liko karibu mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, Ziwa Tanganyika karibu mita 770, na yeyote anayetoka Bukavu kwenda Uvira kwa njia ya Nyangezi sherti ashuke Ngomo, barabara iliyochongwa ubavuni mwa mlima, ukuta huku na bonde kule, ndipo aifikie Kamanyola na uwanda wa Ruzizi.

Dada yetu alikuwa anaolewa Uvira. Gari letu, kama mengi ya mashariki mwa Congo, lilizaliwa Japani, likatumika huko miaka mingi, likateremshwa bandarini Dar es Salaam na kupandishwa hadi kwetu, usukani ukiwa kulia ijapokuwa sisi huendesha upande wa kulia wa barabara. Lilipaswa kuwashusha watu saba, wawili kati yao watoto wa kupakatwa, pamoja na Nyanya, ambaye hakuwa amesafiri mbali na nyumba kwa muda mrefu. Akiba ya nyumbani ilikuwa dola 250, na zilikwisha kutengwa kwa ajili ya rangi mpya, ili gari lisiaibishe msafara wa harusi.

Mama ndiye aliyelizungumza kwanza. Alisema kwamba kila tunaposhuka kutoka sokoni pedali inakwenda chini zaidi kuliko juzi, na kwamba yeye hatampandisha mama mkwe wake katika gari la namna hiyo, liwe limepakwa rangi au halikupakwa. Papa alinyamaza kitambo. Kisha akatutuma kwa fundi.

Fundi wetu ni mzee asiyependa kuharakishwa. Kabla ya kufungua gurudumu lolote alitufanyia hesabu kwa kipande cha chaki. Gari pamoja na watu na mizigo, tuseme kilo 1,600. Mteremko, tuseme mita 500. Uzito huo ukishuka kimo hicho kwa mwendo wa taratibu, nguvu yote ya kushuka sherti igeuke kuwa kitu kingine, na kitu hicho ni joto. Joto lenyewe latosha kuchemsha bidoni zima la maji ya lita 20, kutoka baridi hadi kutokota. Sehemu yake huchukuliwa na injini ikiwa dereva ameweka gia ndogo, na kidogo huchukuliwa na upepo. Yote yanayobaki huingia katika vyuma vinne vidogo nyuma ya magurudumu. Akatuuliza: vyuma hivyo vitalipeleka wapi?

Tangu siku ile tumeelewa kwamba kuboresha breki ni kazi ya kushughulikia joto. Mdogo wetu alikuwa amekwisha kuona picha za diski zilizotobolewa matundu, kama za magari ya mashindano, akazitaka sana. Fundi hakumcheka. Alimweleza kwamba anayelisimamisha gari hatimaye ni tairi, kwa namna linavyoishika barabara. Ikiwa breki ulizo nazo zaweza kulibana gurudumu hadi likome kuzunguka, basi diski kubwa zaidi hazitafupisha kusimama kwako kwa mara moja hata kwa hatua moja. Faida yake huonekana mara ya kumi na ya ishirini, wakati chuma chembamba kimekwisha kuwaka na plaketi, vile vipande vinavyoibana diski, zimeanza kuteleza. Na yale matundu hupunguza chuma chenyewe, tena nyufa hupenda kuanzia hapo.

Alichopendekeza hakikuwa na urembo wowote. Gari la aina yetu lilitoka kiwandani katika matoleo mawili, na lile la injini kubwa lilikuwa na diski nene za mbele, bamba mbili zenye nafasi katikati ili hewa ipite. Letu lilikuwa na bamba moja. Alitafuta diski hizo pamoja na vibanio vyake kwa wauza vipuri vilivyotumika, akazipima unene, kwa sababu kwenye diski nyingi mtengenezaji huchora kipimo cha chini kabisa kinachoruhusiwa, na iliyopungua hapo haifai kitu hata ikiuzwa bei ya karanga. Akajaribu kama rimu zetu zitaingia bila kugusa kibanio. Akaangalia pia pampu kuu, kwani vibanio vyenye pistoni kubwa hudai mafuta zaidi kwa kila mkanyago, na pampu ndogo ikishindwa kuyatoa, pedali itazama. Breki za nyuma, zile za tamburi, alizisafisha na kuzirekebisha tu. Dereva akibana breki uzito huinamia mbele, kwa hiyo magurudumu ya mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi. Ya nyuma yakibana kupita kiasi, gari hujigeuza lenyewe barabarani.

Jambo moja hapa tunawasihi ninyi mnaojifunza ufundi. Msipulize vumbi la tamburi, wala kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Vitambaa vya breki vya zamani vilichanganywa na asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Fundi wetu huloweza kwanza kwa maji, kisha hupangusa kwa kitambaa anachokitupa. Tumeona vijana wengine wakipuliza huku wakicheka.

Kuhusu plaketi mpya, alitufundisha kusoma ubavu wake. Nyingi huandikwa herufi mbili: ya kwanza yaonyesha jinsi zinavyoshika zikiwa baridi, ya pili zikiwa moto. F hushika kuliko E, na G kuliko F. Kwa mtu wa mteremko, herufi ya pili ndiyo ya kutazama kwanza. Haki ya Mungu, herufi zaweza kuchapwa na mdanganyifu pia, basi humjua muuzaji kwa kazi yake ya miaka.

Lakini kilichotushangaza kuliko vyote ni mafuta ya breki, ambayo tunayaita mafuta na si mafuta hata kidogo. Ukiyachanganya na mafuta ya injini, mpira wa ndani ya pampu huvimba na kuharibika. Kimiminiko hicho hunywa unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka. Kile cha daraja la DOT 3, kikiwa kipya, hakipaswi kuchemka chini ya nyuzi 205. Kikikwisha kunywa maji, kipimo chake ni nyuzi 140 tu. DOT 4 huanzia nyuzi 230, na kikiwa na maji 155. Kikichemka hutoa mvuke, na mvuke hubonyea, ilhali kimiminiko hakibonyei. Hapo mguu wako hukanyaga hewa. Pedali iliyomtia Mama hofu ilikuwa imeanza kuzungumza habari hiyo. Tulichagua DOT 4, ambacho huchanganyika na DOT 3 bila madhara, na tukaonywa tusiguse kile kiitwacho DOT 5, cha silikoni, kisichopatana na hivyo vingine. Mipira ya kupitisha kimiminiko, iliyokuwa imepasuka juu juu, ikabadilishwa pia.

Kutoa hewa kulihitaji watu wawili. Kwetu fundi alianza na gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na pampu, kwa kuwa pampu yetu iko kulia pamoja na usukani. Mdogo wetu aliketi ndani. Kanyaga! Shikilia! Achia! Kilichotoka mwanzoni kilikuwa cheusi kama kahawa, na kila mmoja wetu akainama kukitazama, hata Papa. Baada ya chupa mbili kikatoka cheupe. Kisha fundi akalipeleka gari kwenye barabara tulivu, akapunguza mwendo taratibu mara ishirini na kitu bila kusimama kabisa, ili plaketi na diski zizoeane.

Zilibaki dola 60. Zikanunua matairi mawili. Rangi haikupatikana, na shangazi mmoja alilitaja jambo hilo harusini mara tatu.

Siku ya safari Papa aliweka gia ya pili tangu juu ya Ngomo na hakuitoa. Alikanyaga kwa nguvu, akaachia, akasubiri, badala ya kuuegemeza mguu juu ya pedali njia nzima, kwani breki isiyoachiwa haipati nafasi ya kupoa. Nusu ya mteremko, palipo na upana wa kumpisha lori, alisimama. Tulishuka, tukasogeza viganja karibu na magurudumu bila kugusa. Joto lilikuwepo, harufu ya kuungua haikuwepo. Nyanya aliuliza kama gari limekufa. Tulimwambia hapana, linapumzika. Akasema hata yeye angependa kushuka kidogo, akashikwa mkono, akautazama uwanda wa Ruzizi kwa muda mrefu.

Kamanyola simu ilishika mtandao. Fundi alikuwa amepiga mara mbili. Aliuliza jambo moja tu: pedali iko juu au chini?

Papa akamjibu: juu.