Fomu ya mafuriko na kile kisanduku cha saba

Katika makala iliyopita niliahidi kwamba wiki hii ningeandika jinsi ya kutengeneza fomu inayofanya kazi kwenye simu hata intaneti ikikatika. Ahadi ni deni, nitalilipa. Lakini kila nikianza naikumbuka fomu ya kwanza ya aina hiyo niliyoitengeneza, mwaka 2024, na sioni namna ya kuwaeleza inavyofanya kazi bila kuwaeleza ilifanya kazi gani. Kwa hiyo leo mnivumilie. Wale mliokuja kwa ajili ya msimbo, mtaupata kidogo sana.

Mnaokaa Nairobi mnaikumbuka mvua ile. Mwishoni mwa Aprili 2024 mito ya jiji ilivunja kingo. Mathare na Mukuru ndizo zilizoonyeshwa sana kwenye runinga, halafu tarehe 29 Aprili maji yakashuka Mai Mahiu yakawasomba watu usingizini, na nchi nzima ikageuza macho huko. Ufunguzi wa shule uliahirishwa mpaka 13 Mei. Kufikia wakati huo waliokufa nchini walikuwa wamepita 200. Kayole haikupata kamera nyingi. Sisi tuna ghorofa huku juu na mabati kule bondeni, na wa bondeni ndio walioamka usiku wakakuta godoro linaelea.

Wa kwanza kufika walikuwa majirani, kama kawaida. Chai ya rangi, mablanketi mawili matatu, chumba cha kulala watoto. Siku ya tatu likaja kanisa. Sitalitaja. Makao yake si huku kwetu, lakini lina tawi ambalo mama yangu husali, na ndiye aliyenipigia simu: "Mwanangu, wewe si ni mtu wa tarakilishi? Wachungaji wanataka kuandikisha watu wa mafuriko na wana daftari moja tu. Njoo usaidie."

Nilifurahi, nisiwadanganye. Miaka yote nimeandika programu za watu wa Westlands na Upper Hill, na hapa palikuwa na kazi ya nusu saa kwa miguu kutoka kwangu. Usiku mmoja nikaandika fomu ndogo inayofunguka kwenye kivinjari cha simu, inayohifadhi majibu humo humo ndani ya simu, kisha inayatuma kwenye seva mtandao ukirudi. Visanduku sita: jina, nambari ya simu, mahali ulipokuwa ukikaa, idadi ya watu nyumbani, kilichopotea, kinachohitajika kwanza. Nambari ya simu ndiyo niliyoifanya ufunguo, ili mtu asiandikishwe mara mbili.

(Hapa ndipo penye somo la kiufundi, mlichukue. Kule bondeni simu moja hutumiwa na nyumba tatu. Mwenye simu alipoandikishwa, majirani zake wawili walikataliwa na programu yangu kama wezi. Niligundua hilo saa nne asubuhi foleni ikiwa imefika lango la shule, nikaondoa sharti lile nikiwa nimechuchumaa nyuma ya hema, kipakatalishi magotini. Msidhani mnajua watu wanavyoishi kwa sababu tu mnakaa nao mtaa mmoja.)

Jioni ya kuamkia siku ya ugawaji, kijana msaidizi wa mchungaji alinitumia ujumbe. Waliipenda fomu. Waliomba niongeze visanduku vitatu tu: dhehebu, "Je, umeokoka?" ndiyo au hapana, na "Ungependa kutembelewa?" Niliongeza. Ilichukua dakika tano. Sikuuliza chochote, na kwa kuwa nilikuwa nimeviweka vile sita vya mwanzo kuwa vya lazima, hivi vitatu navyo vikarithi ulazima huo. Neno moja tu kwenye msimbo. Usipojaza, kitufe cha kutuma hakibonyezeki.

Ugawaji ulitangazwa saa tatu. Mpaka saa tano ilikuwa mahubiri. Watu wamesimama kwenye matope ya uwanja wa shule, watoto mgongoni, lori limefunguliwa nyuma ili unga uonekane, na spika inauliza ni nani aliye tayari kutoa maisha yake. Wengi waliinua mikono. Mimi pia ningeinua.

Kwenye meza yangu alifika mama mmoja anayeuza mahamri asubuhi pale steji. Sote tunamwita Mama Mahamri, na ni Mwislamu, jambo ambalo hata mgeni angelijua kwa mtandio wake. Kijana aliyeshika simu alisoma kisanduku cha saba, akamtazama, akanitazama mimi. Mama akauliza, "Niandike nini hapo?" Kijana wala hakuwa na ubaya, alikuwa amechoka na foleni ni ndefu. Akamwambia, "Sema tu umeokoka, mama, fomu ipite." Mama akanyamaza kidogo. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayekubali bei asiyoitaka, "Andika." Akapewa pakiti mbili za unga, blanketi na dumu la maji, akaenda zake.

Ningeweza kuliondoa lile neno pale pale, maana lile sharti la simu nililiondoa. Sikuliondoa. Kosa la simu niliona ni hitilafu. Hili la pili niliona ni matakwa ya mteja.

Usiku nikaandaa ripoti waliyoiomba. Kaya 412 kwa jumla, na waliojibu "ndiyo" kwenye kisanduku cha nane walikuwa 371. Nikatuma. Wiki mbili baadaye mama yangu akanisambazia bango la kanisa lenye picha ya foleni ile na maandishi makubwa ya dhahabu: nafsi 371 zimempokea Bwana katika mafuriko ya Nairobi. Chini yake nambari ya Paybill ya wanaotaka kuunga mkono kazi hiyo. Mia tatu sabini na moja. Nambari ile niliijua kama anavyoijua mtu nambari ya mlango wake. Iliwahesabu watu waliokuwa wameokoka tangu utotoni, waliotaka foleni isonge, na Mama Mahamri.

Sisi watengeneza programu wa Nairobi tunaipenda sana hadithi ya Haiti. Ushahidi, iliyozaliwa hapa Kenya Januari 2008 wakati wa ghasia za baada ya uchaguzi, ilitumiwa tetemeko lilipoipiga Haiti tarehe 12 Januari 2010, na jumbe za watu waliokuwa wakiomba msaada zikawekwa kwenye ramani. Tunaisimulia kwenye kila mkutano. Tusichokisimulia ni wengine walioingia Haiti wiki zile zile. Kulikuwa na watu wa Scientology wenye fulana za njano, wengine wakiwa wameletwa na John Travolta kwa ndege yake mwenyewe, wakiwagusagusa majeruhi kwa imani kwamba mguso unaponya. Kulikuwa na Wabaptisti 10 kutoka Marekani waliokamatwa mwishoni mwa mwezi ule wakijaribu kuwavusha watoto 33 kwenda Jamhuri ya Dominika bila karatasi, na wengi wa watoto hao wakaonekana kuwa na wazazi hai. Sidhani kama yeyote kati yao aliamka asubuhi akikusudia maovu. Lakini aliyepoteza kila kitu hana nguvu ya kumuuliza anayempa umekuja kufanya nini.

Na msiniambie kwamba ni mimi na wasioamini wenzangu tu tunaosema hivi. Mwaka 1994 mashirika makubwa ya misaada yaliandika kanuni zao za maadili wakati wa maafa. Moja inasema msaada hutolewa bila kujali imani ya anayepewa. Inayofuata inasema msaada usitumiwe kueneza msimamo wa kisiasa au wa kidini. Miongoni mwa waliozitayarisha, pamoja na Msalaba Mwekundu, ni Caritas, Shirikisho la Walutheri Duniani na Baraza la Makanisa Duniani. Watu wa dini wenyewe! Na hapa kwetu, mwaka 2008 Kanisa Kuu la Katoliki pale Eldoret lilihifadhi maelfu ya watu waliokimbia makwao. Kwa hiyo inawezekana. Msinielewe vibaya pia, hii si habari ya Shakahola. Hawa walileta unga na unga ulipikwa.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaiweka imani ya mtu kwenye kundi la data nyeti, pamoja na afya na kabila, na inataka ridhaa iwe ya hiari. Sasa niambieni, hiari ya mtu aliyelowa mbele ya lori la mablanketi ni hiari gani? Mwaka 2023 sote tulipiga kelele watu walipopanga foleni pale KICC kupigwa picha za mboni na Worldcoin kwa sarafu za takriban shilingi 7,000, mpaka serikali ikasimamisha zoezi lile mwezi Agosti. Nilipiga kelele nyingi mwenyewe. Miezi tisa baadaye nikawa ndiye niliyetengeneza mashine ya foleni.

Nilikwenda kumwona yule kijana msaidizi. Nilimwambia nambari ya kwenye bango si ya kweli, na kwamba visanduku vile vifutwe kwenye data. Alinisikiliza kwa adabu. Akasema mimi ni fundi, mambo ya roho niwaachie watumishi. Kisha akaniomba nimtumie faili zima lenye nambari za simu, maana wanaojitolea kuwatembelea watu walikuwa tayari. Nikasita. Akanikumbusha kwamba nenosiri la seva ninalo mimi na wao pia, nikaondoka.

Mama yangu ndiye aliyenipa taabu zaidi. Nilimweleza yote nikidhani atakuwa upande wangu. Alikuwa akichambua mboga. "Siku ile maji yalipoingia," akasema, "nani mwingine alikuja na lori? Taja." Nikataja Msalaba Mwekundu, akasema wako Mathare na Mai Mahiu, mikono yao haitoshi. Nikataja serikali, akacheka. "Sasa wewe unawachukia waliokuja, na wale ambao hawakuja huna neno nao. Yule mama alikula au hakula?" Nikasema alikula. "Alilala kwenye blanketi au hakulala?" Nikasema alilala. "Basi."

Sijapata jibu zuri la swali lake mpaka leo, na nimelitafuta. Jibu nililonalo ni dogo: mtu ambaye hakuja hakumfanya Mama Mahamri aseme uongo juu ya Mungu wake. Mama yangu anasema Mungu anaelewa. Huenda. Bango halikusema hivyo.

Mwezi Julai nilisimama steji kununua mahamri kama kawaida. Mama Mahamri akanionyesha simu yake. Jumbe nne kwa mwezi mmoja. Wa kwanza wa kumkaribisha ibadani, wa pili wa kumkumbusha jinsi Bwana alivyomtoa majini, wa tatu na wa nne wa kumwomba apande mbegu ya shukrani, shilingi yoyote ile, na nambari ya Paybill ikiwa chini. Mwanawe mkubwa alikuwa ameziona, akamuuliza mama yake kama amebadilisha dini bila kuwaambia. Alikuwa akicheka anaponisimulia, lakini sauti haikuwa ya kucheka. "Kijana wangu," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa na ile tarakilishi. Nitoe jina langu humo."

Jioni hiyo nilifungua seva. Nywila bado ilikuwa ile ile. Nilimtafuta kwa nambari yake, nikaifuta safu yake, halafu nikafuta visanduku vyote vitatu kwa watu wote 412, na nakala yangu ya ripoti. Ilichukua muda mfupi kuliko ule wa kuviongeza. Najua kwamba faili lilikwisha kupakuliwa na kwamba sasa liko kwenye simu za watu nisiowajua, kwenye kompyuta ya anayetuma zile jumbe, pengine na kwenye ofisi ya aliyetengeneza bango.

Asubuhi nikapita kwake. Mahamri ya kwanza yalikuwa yanatoka kwenye mafuta, na unga uliobaki ulikuwa umefunikwa kwa lile blanketi la kijivu uumuke.

"Umenitoa?"

"Kwangu umetoka, Mama."

Akanitazama. "Na kwao?"