Kipanya cha Baba na Mkono wa Kushoto

Ukurasa huu wa familia umezoea kutuletea habari za ndoa, malezi na mapishi, nasi ni miongoni mwa wale wanaousoma kabla ya kurasa za mbele. Leo tunawaomba wasomaji watuvumilie tukizungumzia kitu kidogo kinachokaa mezani kando ya kompyuta, yaani kipanya, pamoja na programu inayokiunganisha na mashine, ambayo mafundi huiita draiva. Nyumba nyingi siku hizi zina mzee anayetumia kompyuta, na nyumba nyingi, kwa kadari ya Mwenyezi Mungu, zina mzee aliyepatwa na kiharusi. Kwetu mambo hayo mawili yalikutana kwa mtu mmoja.

Baba yetu alistaafu ukarani zamani, lakini kazi iliyomkesheza haikuwa ya ofisini. Watu wa mtaani kwetu hapa Tanga walimzoea kwa hesabu za mirathi. Familia ikifiwa, huja kwake na orodha ya mali na ya warithi, naye huandika, hukokotoa mafungu, kisha huwaelekeza kwa masheikh ili hesabu ithibitishwe. Wengine walimwachia na mambo mazito zaidi: nani alimkopa marehemu bila shahidi, nani alirudisha nusu, mjane gani ameomba deni fulani lisitajwe mpaka watoto wakue. Yote hayo yamo katika folda moja ambayo hakuna yeyote kati yetu aliyewahi kuifungua.

Mkono wake wa kulia ulipopungua nguvu, sisi wanawe tulisema lile ambalo watoto wote wangelisema: "Baba, wewe tamka, sisi tutaandika." Akatujibu taratibu, "Wanangu, haya si maneno yangu hata niwape." Hatukuwa na la kuongeza. Ama angeandika mwenyewe, ama amana za watu zingebaki nusu.

Kibodi haikumshinda, kwani kidole kimoja cha mkono wa kushoto chenye subira huandika barua nzima. Kilichomshinda ni kipanya. Kipanya cha kawaida hudai mkono ukisukume, kisha ukitulize kabisa wakati kidole kinabofya. Mkono wa kushoto wa Baba haukuwahi kufundishwa kazi hiyo. Ulitetemeka wakati wa kubofya, kipanya kikateleza, na kompyuta ikadhani kwamba anaburuta kitu. Faili likahamia folda nyingine. Ikawa siku moja anatafuta hesabu ya mayatima tangu alasiri mpaka karibu na magharibi, nasi tumekaa sebuleni bila uwezo wa kumsaidia, maana kutafuta ni kufungua, na kufungua ni kusoma.

Binamu yetu anayeishi Muscat ndiye aliyetuletea kipanya cha tufe. Hicho hakisogei. Kitako chake hutulia mezani, na juu yake pana tufe ambalo vidole hulizungusha ili kukiendesha kishale kwenye skrini. Mkono ukitetemeka wakati wa kubofya, kitako hakina pa kuteleza. Tulichagua chenye umbo linalolingana pande zote mbili, kwa kuwa vingi vya namna hii hufinyangwa kwa ajili ya mkono wa kulia tu. Baba alikitazama kwa mashaka akauliza kama ni kitu cha watoto. Tukamweleza kwamba tufe limekitangulia kipanya: jeshi la majini la Kanada lilikuwa nalo katika mradi wake wa DATAR mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakitumia mpira wa mchezo wa kuangusha pini, ilhali kipanya cha mbao cha Douglas Engelbart na Bill English kilitengenezwa mwaka 1964 kule California. Habari hiyo ilimfurahisha kuliko kifaa chenyewe.

Kuhusu mkono wa kushoto alikuwa na yake. Chakula anaendelea kula kwa mkono wa kulia, kwa tabu na kwa muda mrefu, na hataki asaidiwe. Kwenye kompyuta alikubali bila mjadala.

Ugumu ulikuwa mahali pengine. Mwezi uliotangulia tulikuwa tumeibadilisha kompyuta yake. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilihitimisha msaada wa kawaida kwa Windows 10, na mashine ya Baba ni ya zamani mno kutimiza masharti ya Windows 11. Kijana mmoja wa dukani alitupendekezea nakala isiyo na leseni. Baba alikataa kabla kijana hajamaliza sentensi, akisema mali ya mtu ni mali ya mtu. Basi tukaweka Linux Mint, mfumo ambao mtu yeyote ana ruhusa ya kuutumia, kuunakili na kuubadilisha. Umejengwa juu ya Ubuntu, jina linalotoka katika lugha za kusini mwa Afrika na ambalo ni ndugu wa damu wa neno letu utu. Kabla ya kugusa chochote tuliunakili mzigo mzima wa folda ile kwenye flashi mbili, maana kunakili si kusoma, kisha tukauwasha mfumo mpya kutoka kwenye flashi ya tatu ili tuujaribu bila kuigusa diski.

Karatasi iliyokuwa ndani ya boksi la kipanya iliitaja Windows na macOS tu. Programu ya kupangia vitufe, ile ambayo mtengenezaji huitoa pamoja na kifaa, haikuwapo kwa ajili yetu.

Hapa inafaa tueleze draiva ni nini, kwa sababu wengi hukata tamaa kwa kusikia jina tu. Draiva ni mkalimani. Kifaa husema kwa namba: kitufe fulani kimebonyezwa, tufe limesogea hatua kadhaa kulia. Mkalimani huzigeuza namba hizo ziwe maana. Kiini cha Linux kina mkalimani wa jumla kwa vifaa vya namna hii, kwa hiyo tulipochomeka waya kishale kilisogea papo hapo. Juu yake yupo mkalimani wa pili, aitwaye libinput, ambaye toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 2015. Huyu ndiye anayeamua kitufe kipi kifanye nini, na tufe likimbie kwa kasi gani. Na huyu hupokea maagizo.

Tukafungua dirisha la amri na kuandika xinput list. Ikatokea orodha ya vifaa vyote, kila kimoja na namba yake. Amri nyingine hukuonyesha namba ya kitufe kila unapokibonyeza. Kitufe kikubwa cha kushoto ni 1, kikubwa cha kulia ni 3, na viwili vidogo vya pembeni ni 8 na 9, kwa kuwa namba 4 hadi 7 zimetengwa kwa kubiringiza ukurasa. Hivyo vidogo ndivyo vilivyokuwa vikimsumbua Baba: kidole kikivigusa kwa bahati mbaya, ukurasa unarudi nyuma. Tena kipanya hiki hakina gurudumu, basi hakuwa na njia ya kushuka chini ya waraka mrefu.

Tuliagiza mambo manne. Kwanza tulivibadilisha vitufe vikubwa nafasi, ili gumba la kushoto liwe na kazi ya kubofya. Kitufe namba 8 tukakizima kabisa. Namba 9 tukaifanya ya kubiringizia: ukiibonyeza, tufe linaacha kuendesha kishale na kuanza kupandisha na kushusha ukurasa. Kwa kawaida kitufe hicho hushikiliwa muda wote, na hilo mkono wa Baba usingeliweza, lakini libinput inaruhusu kikafungwa: unabonyeza mara moja na kuachia, ukurasa unabiringika, unabonyeza tena, kishale kinarudi. Sisi tunalihesabu agizo hilo moja kuwa na thamani kuliko kipanya chenyewe. La nne lilikuwa kupunguza kasi ya tufe. Hilo lilichukua jioni tatu, kwa sababu mkono wa mgonjwa wa asubuhi si ule wa baada ya isha. Muda wa kubofya mara mbili tuliurefusha kwenye mipangilio ya kawaida hadi milisekunde 900.

Majaribio yote tuliyafanya juu ya waraka mtupu tuliojaza majina ya samaki wa soko la Deep Sea, kuanzia changu mpaka nguru, kurasa kumi na mbili. Baba alibiringiza juu na chini akicheka kwamba hajawahi kuona mirathi ya samaki wengi kiasi hicho.

Atakayejaribu haya nyumbani ajue kwamba amri za xinput husahaulika kompyuta ikizimwa. Ili zidumu, maagizo huandikwa katika faili dogo ndani ya folda iitwayo /etc/X11/xorg.conf.d, likitaja jina la kipanya na mapendeleo yake, na faili hilo halihifadhiwi bila nywila ya msimamizi. Liandikwe kwa uangalifu, kwa sababu kosa la alama moja laweza kuifanya skrini isiwake vizuri. Ajue pia kwamba baadhi ya mifumo mipya hutumia Wayland badala ya X11, na huko njia hii haifanyi kazi. Toleo la Mint lenye Xfce, tulilolichagua kwa sababu ni jepesi kwa mashine kongwe, hutumia X11.

Faili letu lina mistari tisa. Tumeishi na kompyuta miaka mingi tukidhani kwamba kifaa kikimkataa mtu, basi mtu ndiye atafutiwe dawa.

Sasa Baba huandika baada ya swala ya alfajiri, mlango ukiwa umefungwa. Huchoka baada ya nusu saa. Kuchagua aya ndefu kwa tufe bado kunamshinda, hivyo huchagua kwa vitufe vya mishale kwenye kibodi. Majuzi watu wa nyumba moja walikuja wakaketi naye, wakaondoka na karatasi iliyochapwa na kukunjwa mara mbili. Hatukuuliza ni akina nani wamepata nini.

Ile mistari tisa nayo tuliichapa, tukaiweka kwenye droo ya meza yake, ili kompyuta ikiharibika wakati sisi tuko safarini mjukuu yeyote aweze kuirudisha. Juu ya karatasi hiyo Baba ameandika kwa kalamu, kwa mkono wa kushoto, kwamba hii hata watoto wanaruhusiwa kuisoma.