Mikono Juu ya Usukani, Mikono Nje ya Mifuko

Kijana wa kwetu aliyehamia Minnesota anaomba kibali cha kubeba bastola, na mama yake, aliye Laini Saba, Kibera, jijini Nairobi, ameniuliza mwanawe afanye nini polisi akimsimamisha barabarani. Nilimjibu hivi. Aegeshe gari, azime injini, na kama ni usiku awashe taa ya ndani. Ateremshe kioo, mikono yote miwili ikae juu ya usukani. Asiipeleke kiunoni wala kwenye droo ya dashibodi. Minnesota haimlazimishi kutaja silaha mpaka aulizwe, lakini Michigan inataka aseme papo hapo, kwa hiyo akivuka mipaka ya majimbo asome sheria kwanza. Akitaja, aanze na kibali, aeleze bastola ilipo, kisha aulize: nifanye nini sasa? Asisogeze mkono kabla ya kujibiwa.

Sikumficha mama huyo habari za Philando Castile. Alikuwa mfanyakazi wa jiko la shule mjini St. Paul, Minnesota, na kibali alikuwa nacho. Tarehe 6 Julai 2016 alisimamishwa Falcon Heights, akamwambia afisa kwa adabu kwamba amebeba silaha. Afisa alimwambia asiitoe. Castile akasema haitoi. Zikapigwa risasi saba, na mtoto wa miaka minne ameketi kiti cha nyuma. Kamera ya gari la polisi ilinasa tukio, lakini Juni 2017 mahakama ilimwachilia afisa huyo. Kwa hiyo namfundisha kijana utaratibu wote, na ninaogopa vilevile.

Nyumbani mambo yamegeuka. Cheti cha bastola Kenya hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na wanaokipata ni wenye mali na vyeo. Laini Saba sijawahi kumjua hata mmoja. Anayesimamishwa kule hana gari wala silaha. Anatembea kwa miguu kando ya reli, jua limezama, na mafunzo yake alipewa na mama kabla hajaota ndevu: toa mikono mifukoni, usikimbie, usijibizane, itikia “ndiyo, afande”. Na asimame penye watu. Hapa ndipo ninapoona tofauti kubwa kuliko zote. Minnesota unashauriwa ukae kimya ndani ya gari lako, peke yako na afisa. Laini Saba unataka mama mboga akuone, unataka wapangaji watoke milangoni, mtu apaze sauti aseme huyu ni mtoto wa fulani, tunamjua.

Katiba ya 2010, Ibara ya 49, inamtaka askari akueleze kwa nini amekukamata na akufikishe mahakamani ndani ya saa 24. Sheria ya Polisi ya 2011 inamruhusu kufyatua risasi pale tu njia nyingine zimeshindwa. Ni sheria nzuri. Lakini Desemba 2018, Laini Saba hiyohiyo, polisi walimpiga risasi Carilton Maina, mwanafunzi wa uhandisi wa Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, aliyekuwa amerudi nyumbani. Familia ilisema alikuwa akitoka kutazama mpira. Polisi walimhusisha na majambazi. Leeds alikokuwa akisoma, askari wa doria wa kawaida habebi bastola kabisa.

Ndiyo maana sikubali kwamba usalama uwe kazi ya anayesimamishwa peke yake. Aliyefunzwa kushika silaha ndiye anayepaswa kuwa mtulivu kuliko wote, awe Falcon Heights au Laini Saba.

Kwa mzazi anayenisoma Laini Saba: kifo kikitokea mikononi mwa polisi, sheria inamtaka mkubwa wa askari huyo aripoti kwa IPOA, mamlaka huru ya kuwasimamia. Usimngojee. Nenda wewe, na walioona, siku hiyohiyo. Andika saa, mahali, namba ya gari na namba ya kazi ya askari kama kuna aliyeisoma, na kituo cha polisi usitoke bila namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio.