Si Kila Tundu ni la Kuzibwa

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Neno hilo ni la kweli, lakini askari mmoja wa Tororo alijifunza kwamba yapo matundu ambayo mwenye kuyaziba hujitafutia kaburi.

Askari huyo alikuwa akitoka Busia kwa pikipiki, amempakia mwanawe nyuma. Njiani, mbele ya lori la mizigo, injini ikazimika. Dereva wa lori alikanyaga breki, akasimama hatua chache tu nyuma yao. Baada ya kitambo pikipiki ikawaka, ikaenda mwendo mfupi, ikazima tena. Basi wakaikokota hadi nyumbani, hali tangi lilikuwa na petroli zaidi ya nusu.

Baba mkwe wake alikuwa amekuja kuwatembelea. Mzee huyo aliwahi kufanya kazi ya kutia mafuta ndege ndogo za zamani nchini Kenya. Kwanza aliamuru pikipiki iondolewe karibu na jiko la makaa. Kisha akatazama mdomo wa tangi. Kizibo kilikuwa kimepotea, na mahali pake askari alikuwa ameshindilia mfuko wa nailoni. Mzee alipouchomoa, tangi likavuta hewa kama mtu aliyeibuka majini.

“Mwanangu,” akasema, “umeinyima injini mafuta kwa mkono wako mwenyewe.”

Askari hakuelewa. Mzee akamgeukia binti yake, aliyekuwa akifungua kopo la maziwa. “Mbona watoboa matundu mawili?”

“Moja la maziwa, Baba, na la pili la hewa.”

“Basi tangi nalo ni hivyo hivyo.”

Akaeleza kwamba petroli ishukapo, hapana budi hewa iingie mahali pake. Isipoingia, mafuta hukwama. Katika ndege aina ya Piper Cub, kizibo cha tangi kina tundu lipitalo waya uliosimama juu ya gizibo lielealo ndani. Mafuta yakipungua, waya huzama, na rubani huona kwa macho yake. Lakini nyigu akijenga kwa udongo katika tundu la hewa, ndege yaweza kuzimika angani, na huko hakuna pa kuikokota.

Ndivyo inavyoelezwa yaliyompata Beryl Markham, rubani aliyekulia Njoro. Tarehe 4 Septemba 1936 aliondoka Abingdon, Uingereza, peke yake katika ndege aina ya Percival Vega Gull, akikusudia kufika New York. Baada ya saa zaidi ya 20, barafu iliziba njia ya hewa ya tangi lake la mwisho. Mafuta yalikuwamo, lakini injini haikuyapata. Akatua kwa dharura katika kinamasi cha Nova Scotia, Kanada, pua ya ndege ikazama topeni, naye akaumia kichwa.

Wala msomaji asidhani barafu ni adui wa nchi za baridi tu. Hata katika joto la nyuzi 25, hewa ikiwa na unyevu mwingi, barafu huweza kuganda ndani ya kabureta, kwa sababu petroli igeukapo mvuke hupoza mahali ilipo. Maji nayo ni hatari. Kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hukaa chini ya tangi, palepale injini inapochotea. Kwa hiyo kila asubuhi rubani hukinga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi katika chombo cha kioo, akayatazama kabla ya kuruka.

Asubuhi iliyofuata askari alinunua kizibo cha haki. Kabla ya kukifunga alikiinua kwenye mwanga, akachungulia tundu lake dogo. Kisha akampa mwanawe naye achungulie, ndipo wakapanda.